Uchumba, Uhawara au Mahaba? Kisa cha Charles na Camilla katika Msamiati wa Waswahili

Tarehe 3 Novemba 2023, Mfalme Charles wa Tatu wa Uingereza na mkewe, Malkia Camilla, walizuru Fort Jesus, ukingoni mwa Mji wa Kale wa Mombasa, wakaondoka kwa tuktuk. Ilikuwa siku ya mwisho ya ziara yao nchini Kenya. Anayetaka kusimulia kisa chao kwa Kiswahili hukwama mapema: mahusiano yaliyotangulia ndoa kwa zaidi ya miaka thelathini yaitweje? Makala haya yanalichunguza suala hilo.

Wawili hao walijuana mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1973 Camilla aliolewa na Andrew Parker Bowles. Mwaka 1981 Charles akamwoa Diana Spencer. Mwaka 1994 Charles alikiri kwenye televisheni kwamba hakuwa mwaminifu baada ya ndoa yake kuharibika. Camilla alitalikiana na mumewe mwaka 1995, Charles na Diana mwaka 1996, na mwaka uliofuata Diana akafariki jijini Paris. Charles na Camilla walioana tarehe 9 Aprili 2005.

Aghalabu wafasiri hukimbilia neno uchumba. Hata hivyo, katika Mji wa Kale uchumba huanza kwa posa: wazee wa mume huenda kwa wazee wa mke, na jibu likiwa la kukubali ndipo watu huitwa wachumba. Uchumba wa Charles na Camilla ulitangazwa tarehe 10 Februari 2005. Kwa kipimo hicho, haukutimiza hata miezi miwili. Hawara na kimada ni maneno mazito zaidi, nayo yana dosari: katika matumizi ya kila siku humwelemea mwanamke, ilhali mwanamume hubaki na cheo chake. Mahaba hueleza hali ya moyo bila kugusa sheria; ndilo neno la haki kuliko yote, ingawa linaficha mengi.

Neno jingine muhimu ni mtalaka. Mwaka 1936 Mfalme Edward wa Nane aliacha kiti ili amwoe Wallis Simpson, aliyekuwa mtalaka. Miaka 69 baadaye, Charles na Camilla walifunga ndoa ya kiserikali katika ukumbi wa mji wa Windsor, kisha wakaombewa na Askofu Mkuu Rowan Williams katika kanisa la St George's. Malkia Elizabeth alihudhuria maombi tu. Msomaji wa Mombasa, aliyezoea kutenga nikaha na sherehe za harusi, haoni ajabu katika mgawanyo huo. Wala haoni ajabu ya mtalaka kuolewa: akimaliza eda huposwa kama mwanamke mwingine. Kinachomkera ni miaka ya kabla, ambayo sharia ina jina moja kwayo, zinaa.

Kuhusu cheo, Kiswahili kimewaondolea Waingereza mzozo mzima. Kwao ilibidi Elizabeth atangaze, Februari 2022, kwamba angependa Camilla aitwe malkia kwa kuwa mke wa mfalme. Kwa Kiswahili, aliyetawala miaka 70 na aliyeolewa na mfalme wote ni malkia. Anayetaka kuwatofautisha hana budi kuongeza maneno.