Tarishi Mtiifu Anapotumwa na Mwenye Nia Mbaya

Mama anapompeleka mtoto mwenye homa katika kituo cha afya cha Namakwekwe, mjini Mbale, mhudumu huandika ugonjwa huo kitabuni. Mwezi ukiisha, wagonjwa wa malaria, wazazi waliojifungua na watoto waliochanjwa hujumlishwa, na hesabu zao huingizwa katika programu ya kompyuta iitwayo DHIS2, ambayo Uganda ilieneza nchini kote mwaka 2012. Kenya iliitangulia kwa mwaka mmoja. Kwa hesabu hizo hujulikana ni wapi malaria imezidi na ni wapi chanjo imepungua. Daftari hilo, basi, linamhusu mke wa askari aliye kambini kama linavyomhusu daktari mkuu.

Programu hiyo ni huria. Chimbuko lake ni Afrika Kusini katika miaka ya 1990, na leo husimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norwe. Maandishi ya maagizo yanayoiendesha yako wazi. Yeyote ajuaye kuyasoma aweza kuyasoma.

Mwezi Desemba 2022 wasimamizi wake walitangaza kosa lililopewa namba CVE-2022-41949. Mafundi huliita kosa la namna hiyo kughushi maombi kwa upande wa seva. Jina hilo ni gumu, lakini msomaji aliyewahi kulinda lango atalielewa upesi kuliko wengine.

Tuseme kuna kambi yenye zamu langoni. Ndani yupo tarishi, kijana mtiifu, ambaye walinzi wote wanamjua na hawamwulizi neno. Anakuja mtu mwenye kibali cha kufika mapokezi tu. Anampa tarishi kikaratasi: nenda nyuma ya ghala, gonga mlango wa tatu, kisha urudi uniambie kama umeitikiwa. Tarishi anakwenda. Mtu yule hakuvunja kufuli wala hakuruka ua. Hata akiletewa jibu kwamba mlango umefungwa, amekwisha kufaidika, maana sasa anajua kwamba mlango upo.

Seva ndiyo tarishi huyo. Programu nyingi za mtandaoni humruhusu mtumiaji kutaja anwani, ili seva iende kuchukua picha, ramani au taarifa. Isipochunguza anwani iliyotajwa, mjanja huandika anwani ya ndani: ya kompyuta jirani isiyofikiwa kutoka nje, au 127.0.0.1, anwani ambayo kila kompyuta hujiita yenyewe. Kinga iliyowekwa kuzuia wageni haishtuki, kwa sababu anayebisha hodi ni mtu wa nyumbani.

Katika DHIS2, mwenye kutuma ombi hilo alihitaji kwanza kuwa na jina na neno la siri la kuingilia. Wapo watakaosema hilo ni faraja. Mimi sioni hivyo. Neno la siri la karani mmoja, likibandikwa ukutani au kuazimwa rafiki, lilitosha kuituma seva kupapasa huduma zilizofichwa, na hata kubaini kama faili fulani limo ndani yake. Na programu hii haihifadhi jumla tu. Yaweza pia kumfuata mgonjwa mmoja mmoja kwa jina.

Huko Marekani, mwaka 2019, udhaifu wa aina hii katika mitambo ya benki ya Capital One ulitumiwa kupata funguo za ghala la kumbukumbu. Habari za watu zaidi ya milioni 100 zilichukuliwa.

Uwazi wa programu huria una pande mbili. Kosa huonwa na wengi na kurekebishwa bila kificho. Lakini siku dawa inapotangazwa, ugonjwa nao umetangazwa, na mwizi husoma tangazo lilelile analosoma mlinzi. Tangu hapo ni mashindano ya mbio. Kwa kosa hili wasimamizi walieleza kwamba hapakuwa na njia nyingine ya kujikinga ila kuweka toleo jipya: 2.36.12.1, 2.37.8.1, 2.38.2.1 au 2.39.0.1, kufuatana na lile lililokuwa likitumika.

Namba ya toleo husomeka katika ukurasa wa maelezo ya programu yenyewe, na karani wa takwimu aweza kuifungua kwa dakika moja. Akikuta 2.38.2 bila ile 1 ya mwisho, tarishi bado anatumwa na yeyote mwenye neno la siri la kuingilia.