Maksai aliyetangazwa kwa picha, ukoo wake ukapanda bei

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafugaji wa Uingereza wa miaka 200 iliyopita hawakuitegemea sana methali hiyo. Wao walikitembeza hata kilicho chema, na pale mnyama mwenyewe asipoweza kufika, walipeleka picha yake.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa maksai aliyeitwa Durham Ox. Alizaliwa mwaka 1796 katika shamba la Charles Colling huko Ketton, karibu na mji wa Darlington, na akanenepa hadi kupita kilo 1,000. Februari 1801 aliuzwa kwa paundi 140 ili awe wa maonyesho. Mei mwaka huohuo John Day alimnunua, pamoja na gari la kumsafirishia, kwa paundi 250.

Day alimzungusha England na Scotland kwa karibu miaka sita, watu wakilipa kiingilio ili wamtazame. Aliwahi kupewa ofa ya paundi 2,000, akakataa. Mwaka 1802 mchoraji John Boultbee alimchora, na mchoro huo ukachapwa kwa bamba la shaba. Nakala zaidi ya 2,000 ziliuzwa katika mwaka wa kwanza.

Rangi iliongeza bei

Picha za mifugo na maisha ya shamba za enzi hizo zilipita mikono mingi. Bamba la shaba lilipakwa nta, kisha fundi akachora kwa sindano hadi shaba ikaonekana. Asidi ilipomwagwa, ilikula pale palipokwanguliwa tu na kuacha mifereji. Mistari mingine ilichongwa kwa chuma chenye ncha kali. Wino ulijazwa kwenye mifereji, bamba likafutwa, na karatasi yenye unyevunyevu ikakandamizwa juu yake kwa mashine.

Nakala ilitoka na wino wa rangi moja. Baadhi zilipelekwa kwa wapaka rangi, mara nyingi wanawake na vijana, waliotumia rangi za maji kwa kufuata sampuli. Picha iliyopakwa rangi iliuzwa ghali kuliko ile ya kawaida, ingawa zote zilitoka kwenye bamba moja. Huko ndiko kuongeza thamani ya bidhaa.

Nani alinufaika?

Maksai hazai. Hata hivyo, sifa zake zilitangaza ukoo mzima wa ng'ombe wa Shorthorn. Mwaka 1810 Colling alipouza mifugo yake kwa mnada, dume Comet, aliyezaliwa na baba mmoja na maksai huyo, alinunuliwa kwa paundi 1,050. Day alikusanya viingilio, lakini mwenye mbegu ndiye aliyevuna bei ya ukoo.

Biashara hiyo ilikuwa na kasoro. Wafugaji wengine walitaka wanyama wao wachorwe wanene kuliko walivyo. Thomas Bewick, mchongaji maarufu wa picha, alisimulia kwamba aliwahi kutakiwa kuongeza mafuta mahali ambapo yeye hakuyaona, akakataa. Mnunuzi wa mbali aliyeamini picha ya namna hiyo angeweza kulipia mafuta yaliyokuwa kwenye karatasi tu.

Mwaka 1822 George Coates alichapisha kitabu cha kwanza cha nasaba za ng'ombe wa Shorthorn, kikionyesha wazazi wa wanyama wengi walioandikwa humo. Mnunuzi sasa alikuwa na cha kulinganisha na picha.

Durham Ox hakuuona wakati huo. Februari 1807 aliteguka nyonga akiwa Oxford, na miezi miwili baadaye akachinjwa.

Kwa mfugaji wa leo anayepiga picha ya mtamba wake kwa simu, funzo ni lilelile. Picha nzuri humleta mteja hadi mlangoni. Akishafika atauliza mama yake hutoa lita ngapi, alipandishwa lini na kwa dume gani. Asiye na daftari la kumbukumbu atakosa jibu, na bei itashuka hapohapo.