Kunakili, Kuhawilisha au Kuhamisha? Istilahi za Uchapaji wa Picha kwa Kaboni

Mfasiri anayepewa maelezo ya njia za zamani za kuchapa picha, ambazo wapiga picha kadhaa wangali wakizifanyia majaribio, hukutana mapema na dhana ya kuitoa picha kwenye karatasi moja na kuiweka kwenye nyingine. Neno linalomjia kwanza ni "kunakili". Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwa nini neno hilo halifai, na kwamba istilahi haichaguliki kabla ya kufahamu kazi yenyewe.

Tuchukue mfano wa uchapaji wa kaboni. Mwaka 1839 Mungo Ponton wa Uskoti alionyesha kwamba karatasi iliyotiwa dikromati ya potasiamu hubadilika ipigwapo na mwanga. Mwaka 1855 Alphonse Poitevin wa Ufaransa alichanganya dikromati, jelatini na unga wa kaboni ili apate picha isiyofifia. Lakini vivuli hafifu vilipotea. Sababu ni kwamba mwanga huanza kuikakamaza jelatini kutoka juu, kisha hushuka kwa kadiri ya wingi wake. Palipopata mwanga kidogo, tabaka la juu tu ndilo hukakamaa. Karatasi ikioshwa, tabaka laini la chini huyeyuka, na sehemu ya picha iliyokuwa juu yake huchukuliwa na maji.

Mwaka 1864 Joseph Wilson Swan wa Newcastle, Uingereza, alipata hataza ya njia iliyoondoa kasoro hiyo. Karatasi iliyopakwa jelatini yenye rangi hutiwa dikromati, hukaushwa gizani, kisha huangaziwa chini ya negativu. Baadaye hulowekwa katika maji baridi na kugandamizwa kifudifudi juu ya karatasi nyingine. Zote mbili hutiwa katika maji ya uvuguvugu, yapata nyuzi 40 za sentigredi. Jelatini laini huyeyuka, karatasi ya kwanza hubanduliwa, na picha hubaki imeshika kwenye ya pili.

Sasa tuyapime maneno. Barua ikinakiliwa ofisini, ya asili hubaki jaladani. Mtumishi akihamishwa, kituo chake cha zamani hakinaye tena. Picha ya kaboni ni kama mtumishi huyo. Mwanafunzi aliyesoma "nakili" ataitunza karatasi ya kwanza akidhani ina picha, au ataiosha peke yake na kupoteza kazi yote. "Kuhawilisha" li karibu zaidi, ila limezoeleka katika fedha na ujuzi, na ujuzi ukihawilishwa haumtoki aliyeutoa. Hivyo tunapendekeza "kuhamisha". Picha ikihamishwa mara moja, kulia hugeuka kushoto, na maandishi ya kibao cha duka husomeka kinyume, isipokuwa negativu iwe imegeuzwa. Ikipitia karatasi ya muda kabla ya kufika kwenye ya mwisho, hurudi sawa. Basi tuna "uhamisho mmoja" na "uhamisho maradufu".

Karatasi ya kwanza isiitwe "karatasi ya kaboni", kwa maana makarani wanaijua karatasi ya jina hilo, nayo ni ya kunakilia kwa taipureta. Tunapendekeza "karatasi ya jelatini", na ile ya pili "karatasi pokezi". Vilevile tutofautishe "kuganda" na "kukakamaa". Jelatini iliyoganda kwa baridi huyeyuka tena ikipata joto. Iliyokakamaa kwa mwanga haiyeyuki katika maji hayo ya uvuguvugu. Hatua ya kuoshea picha haihitaji neno jipya: watu wamezoea kusema "kusafisha picha", na hapa maji huondoa kweli jelatini isiyohitajika.

Hata hivyo, si kila njia ya zamani ina uhamisho. Katika sianotaipu, iliyobuniwa na John Herschel mwaka 1842, picha ya buluu hutokea na kubaki kwenye karatasi ile ile. Huko "kuchapa" kunatosha.

Limebaki jambo moja ambalo mwalimu na mfasiri hawana budi kulizingatia. Vitabu vya kemia huiita dikromati chumvi, na kwa lugha ya kemia ni sahihi. Lakini katika maelekezo ya kazi, "chumvi ya rangi ya machungwa" humkumbusha msomaji jikoni. Dikromati ni sumu: huunguza ngozi, unga wake hudhuru mapafu, nayo husababisha saratani. Tunashauri iandikwe kwa jina lake kamili, neno "sumu" liambatane nalo kila linapotajwa kwa mara ya kwanza katika hatua ya kazi, na agizo la kuvaa glavu litangulie agizo la kuipima.