Supu Nzito ya Nyumbani: Maharage na Karanga Zibaki Ghalani kwa Ajili ya Chungu

Mkoa wa Songwe, ulioundwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, ni mkoa wa wakulima. Mahindi na maharage hulimwa karibu kila mahali. Kahawa hustawi Mbozi na Ileje. Karanga na ufuta hupatikana Momba. Barabara kuu iendayo Zambia hupita katika mkoa huo, na sehemu kubwa ya mazao hupakiwa katika malori, yakavuka mpaka pale Tunduma kwenda Nakonde na mbali zaidi. Hata hivyo, uchunguzi wa taifa wa lishe wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa mkoa huo walio chini ya umri wa miaka 5, zaidi ya 40 walikuwa wamedumaa, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa watoto wapatao 32. Mikoa ya Rukwa, Njombe na Iringa, ambayo nayo husifiwa kwa kulisha taifa, ilikuwa na hali mbaya zaidi.

Sababu za kudumaa ni nyingi, zikiwamo maradhi ya mara kwa mara, maji yasiyo salama na kazi nyingi zinazomlemea mama mjamzito. Lakini sababu mojawapo imo katika chungu. Mtoto anayekula mahindi asubuhi kwa jina la uji, na mahindi jioni kwa jina la ugali, hushiba bila kupata vyote vinavyojenga mwili. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupika supu nzito, laini na yenye kushibisha kwa mazao ya mwanachama mwenyewe, na kwa nini supu hiyo huanza kupikwa siku ya mavuno, kabla mzani haujafungwa.

UZITO WA SUPU NI NINI

Kwa watu wengi supu ni maji ya nyama yenye chumvi na ndimu. Supu ya namna hiyo huchangamsha mwili, lakini sehemu yake kubwa ni maji. Supu inayozungumzwa hapa ni ile yenye rojo, ambayo ikichotwa kwa upawa humiminika polepole. Mapishi ya kigeni huipata rojo hiyo kwa malai ya maziwa au kwa unga wa kopo. Pwani ya Tanzania huipata kwa tui la nazi. Katika nyanda za juu za kusini huipata kwa karanga. Na ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia, mboga za majani zilizoungwa kwa karanga ni chakula mashuhuri kiitwacho ifisashi. Kwa hiyo hakuna kitu cha kigeni cha kununua.

Yafaa ieleweke, hata hivyo, kwamba uzito wa aina moja si sawa na uzito wa aina nyingine. Supu inaweza kuzimuliwa kwa unga wa mahindi au wa ngano ikawa nzito, lakini kilichoongezwa ni wanga tu, na wanga tayari umo katika ugali. Maharage yaliyopondwa huleta wanga pamoja na protini, kiasi cha gramu 20 na zaidi katika kila gramu 100 za maharage makavu. Karanga huleta protini kiasi cha robo ya uzito wake, na mafuta yapatayo nusu ya uzito huo. Mafuta hayo ndiyo yanayoifanya supu iwe laini ulimini, na ndiyo yanayousaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo katika boga la rangi ya njano na katika karoti.

Tena, protini ya mahindi ina upungufu ambao maharage huujaza. Vyakula hivyo viwili vikiliwa pamoja hujenga mwili kuliko kimoja kikiliwa peke yake. Hivyo basi, ugali na supu ya maharage ni mlo kamili kuliko wengi wanavyoudhania, wala si chakula cha aliyekosa nyama.

MAHITAJI KWA WATU 6 HADI 8

Kipimo kinachotumika hapa ni kikombe cha robo lita.

Maharage makavu, vikombe 2 (kama gramu 400).
Karanga zilizobanguliwa na kuchambuliwa, kikombe 1 (kama gramu 150).
Boga lililomenywa, nusu kilo.
Viazi mviringo 3 vya kadiri.
Karoti 2, vitunguu 2 na nyanya 3.
Mafuta ya kupikia, vijiko 2 vikubwa.
Maziwa, kikombe 1, yakiwapo.
Chumvi kiasi, na ndimu moja kwa apendaye.

NAMNA YA KUPIKA

Kwanza, maharage yachambuliwe, yaoshwe na kulowekwa usiku kucha katika maji mengi. Asubuhi maji hayo yamwagwe, yawekwe mengine safi. Kuloweka hupunguza muda wa kupika na kuokoa kuni, jambo lenye maana zaidi katika nyanda za juu. Mahali palipo mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 95 badala ya 100, na kwa sababu hiyo maharage hukawia kuiva kuliko pwani. Wapo wanaotia magadi ili kuyaharakisha. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu baadhi ya vitamini. Kuloweka kunatosha.

Pili, maharage yachemshwe kwa moto mkali si chini ya dakika 10, ndipo moto upunguzwe na chungu kifunikwe. Mchemko huo wa mwanzo hauna budi kufanyika, kwa kuwa maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayosababisha kutapika na maumivu ya tumbo, na moto mdogo peke yake hauiondoi. Yaendelee kupikwa mpaka yapondeke kwa vidole bila nguvu. Nyanya na ndimu zisitiwe wakati huu, maana uchachu huyafanya maharage yakawie kulainika.

Tatu, maharage yakiwa yameiva, boga, viazi na karoti zilizokatwa vipande vidogo ziongezwe, pamoja na maji ya moto ya kutosha kuzifunika. Zikiisha kulainika, vyote vipondwe humo humo kwa mwiko au kwa mchi safi. Anayetaka supu laini kabisa aipitishe katika chujio la matundu makubwa. Anayetaka ya kutafuna aache theluthi ya maharage bila kuponda.

Nne, karanga zikaangwe kidogo bila mafuta, zifikichwe na kupetwa ili maganda yatoke, kisha zitwangwe katika kinu mpaka ziwe unga laini. Unga huo ukorogwe kwanza na maji ya uvuguvugu katika bakuli mpaka uwe kama uji. Ukitiwa mkavu katika supu inayochemka hufanya madonge yasiyoyeyuka.

Tano, vitunguu vikaangwe kwa mafuta katika sufuria nyingine, nyanya ziongezwe mpaka zirojeke, kisha mchanganyiko huo umiminwe katika supu. Ndipo uji wa karanga utiwe, na supu ipikwe kwa moto mdogo kwa dakika 15 hadi 20 huku ikikorogwa mpaka chini, kwa kuwa karanga hushika na kuungua upesi. Matone ya mafuta yakianza kuelea juu, karanga zimeiva.

Sita, chungu kiepuliwe, chumvi itiwe, na maziwa yaliyokwisha kuchemshwa yaongezwe polepole huku yakikorogwa. Maziwa yakitiwa pamoja na nyanya juu ya moto mkali hukatika. Kwa sababu hiyo hiyo, anayependa ndimu aikamue katika bakuli lake mezani, wala si chunguni. Pasipo na maziwa supu haiharibiki. Karanga zimekwisha kuifanya laini.

Nyanya na ndimu haziongezi ladha peke yake. Vitamini C iliyomo ndani yake husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharage, ambayo ni madini ya damu. Kwa upande mwingine, chai na kahawa zikinywewa pamoja na chakula huyazuia madini hayo. Kahawa ni fahari ya Mbozi, na hakuna sababu ya kuiacha. Inywewe tu saa moja au zaidi baada ya mlo.

SUPU YA MTOTO

Tumbo la mtoto mdogo ni dogo. Akijazwa supu nyepesi hushiba maji. Mtoto aliyetimiza miezi 6, ambaye huanza kupewa vyakula vingine huku akiendelea kunyonya, apewe supu iliyopondwa sana, nzito kiasi cha kukaa juu ya kijiko bila kumwagika. Itengwe kabla ya kutia chumvi na pilipili. Kila chakula kipya aanze nacho kidogo kidogo ili ionekane kama kinamkubali. Supu iliyobaki isilale wazi jikoni. Ifunikwe, iwekwe mahali pa baridi, na kabla ya kuliwa tena ichemshwe mpaka itokote yote. Iliyochacha imwagwe.

KARANGA MBOVU SI ZA MBOGA

Hapa ndipo penye jambo linalotaka uangalifu mkubwa kuliko yote. Katika kaya nyingi, karanga nzuri huuzwa, na zile zilizosinyaa, zilizovunjika au zenye ukungu hubaki nyumbani kuwa za kutwanga. Mazoea hayo ni ya hatari. Ukungu unaoota katika karanga na mahindi huweza kutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo hudhuru ini, na kwa muda mrefu huweza kuleta saratani ya ini. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo.

Sumukuvu haiishi kwa kuchemsha, wala ukaangaji wa nyumbani hauiondoi. Tena karanga zikiisha kutwangwa, jicho haliwezi tena kutofautisha nzima na mbovu. Kwa hiyo uchambuzi hauna budi kufanywa zikiwa bado nzima, mchana, juu ya ungo: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na wadudu, yenye ukungu au iliyo chungu ulimini itupwe. Wala asipewe kuku au ng'ombe. Kuku hudhurika, na sumu aliyokula ng'ombe huweza kutokea katika maziwa yake, ikarudi kwa mtoto yule yule. Zilizotupwa zifukiwe.

Kinga bora huanza shambani. Karanga zivunwe kwa wakati wake, zianikwe juu ya turubai au mkeka badala ya ardhi tupu, zikauke kabisa, na magunia yapangwe juu ya chaga mbali na ukuta katika ghala lisilovuja.

HESABU YA KAYA

Makatibu wamezoea hesabu za gunia na mzani; hesabu ifuatayo ni ya namna hiyo hiyo. Kaya inayopika supu hii mara 3 kwa juma hutumia maharage kilo 1 na gramu 200, na karanga gramu 450. Kwa majuma 52 ya mwaka, jumla ni kilo 62 na gramu 400 za maharage, na kilo 23 na gramu 400 za karanga. Hayo ni maharage yasiyofika gunia moja la kilo 100, na karanga zipatazo robo ya uzito huo. Kwa kaya iliyovuna magunia kadhaa, hiyo ni sehemu ndogo. Lakini ikiuzwa yote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kaya hulazimika kununua maharage yale yale kwa bei ya juu miezi ya njaa, au kula ugali kwa chumvi.

WAJIBU WA CHAMA

Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai iliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana juu ya lishe. Chama cha msingi chaweza kufanya kazi ya namna hiyo bila gharama kubwa. Hesabu iliyotajwa hapo juu yaweza kubandikwa ubaoni kabla ya msimu wa kununua mazao, ili kila mwanachama ajue akiba ya chungu chake kabla ya kupeleka magunia yaliyobaki mzanini. Afisa lishe wa halmashauri aweza kualikwa katika mkutano mkuu, na supu ipikwe mbele ya wanachama wote, wanaume kwa wanawake, kwa kuwa mara nyingi anayeamua kiasi cha kuuza si yule anayepika. Aidha, uchambuzi unaodaiwa kwa karanga za soko udaiwe pia kwa karanga za nyumbani.

Ushirika ulianzishwa ili mkulima apate haki ya jasho lake. Bei nzuri ni sehemu ya haki hiyo. Sehemu nyingine ni mtoto wake kula maharage na karanga safi zilizolimwa na wazazi wake, na kukua kwa kimo alichostahili.