Methadoni: Tiba ya uraibu inayodai subira ya kila siku

KATIKA miji ya Pwani ya Kenya, mraibu wa heroini huamka akiwa na shughuli moja: kutafuta unga wa kuzuia arosto. Saa chache baada ya kuvuta au kujidunga, maumivu ya viungo, kuhara na kutapika huanza upya. Raha aliyoifuata mwanzoni ilikwisha zamani. Sasa anatafuta nafuu tu.

Methadoni ni dawa ya jamii moja na heroini, lakini hunywewa, hufanya kazi polepole na hudumu mwilini siku nzima au zaidi. Kipimo kikiwa sawa, huondoa arosto na kutuliza hamu bila kumlevya mgonjwa.

Kenya ilianza kutoa tiba hii Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi. Malindi ilifuata mwaka wa 2015.

Anayeitaka hapewi dawa papo hapo. Kwanza huandikishwa na shirika linalowahudumia waraibu mitaani, ambalo humpa ushauri nasaha kabla ya kumpeleka kliniki. Huko hupimwa afya, kisha huanzishwa kwa kipimo kidogo kinachoongezwa hatua kwa hatua. Kwa kawaida hurudi kila siku na kunywa dawa mbele ya mhudumu.

Masharti hayo yana sababu. Methadoni ikizidi, au ikichanganywa na heroini, pombe au dawa za usingizi, huweza kukatiza pumzi na kuua. Aidha, anayekosa dawa siku kadhaa hupungukiwa na ustahimilivu, hivyo sharti akaguliwe upya kabla ya kuendelea.

Kwa kibarua asiye na nauli, au mvuvi anayelala baharini, safari hiyo ya kila siku ni mtihani mkubwa.

Wapo wanaonung'unika kwamba huku ni kuacha kilevi kimoja na kushika kingine. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni katika orodha ya dawa muhimu mwaka wa 2005, kwani hupunguza vifo pamoja na maambukizi ya Ukimwi yatokanayo na kuchangia sindano.

Wengi wanaoikatiza mapema hurudia heroini. Kwa sababu hiyo, jamaa anayetaka kumsaidia mgonjwa anaweza kuanza na jambo dogo: nauli ya kesho asubuhi.