Sola inazimika saa mbili usiku? Usimtukane fundi, tazama mlima!

MSHIKAJI wangu mmoja wa hapa Dar alijinyima starehe miezi kadhaa, akanunua sola na kumpelekea mama yake Lushoto. Ilifungwa Krismasi, kijiji kizima kikaja kushangaa taa. Raha mtindo mmoja! Ilipoingia Juni, kasheshe. Saa mbili usiku taa chali, mama anarudi kwenye kibatari. Jamaa akapanda moto: "Fundi kaniingiza mjini!"

Fundi wa watu alitukanwa bure. Hakuiba waya wala betri. Mwizi alikuwa mlima, na mshikaji mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango. Tulia nikupe mchapo.

Nyumba ya mama iko bondeni, vilima mashariki na magharibi. Sehemu zetu hizi za karibu na ikweta, jua hupanda kama nyuzi 15 kila saa. Kilima cha mashariki kikikukinga nyuzi 30, jua linakufikia saa mbili baada ya kuchomoza. Cha magharibi kikiwa hivyo hivyo, jioni zinaondoka saa mbili nyingine. Katika saa 12 za mchana, umebaki na nane. Ahueni ni kwamba jua la asubuhi na la jioni ni dhaifu, hivyo nguvu inayopotea hapo haifiki theluthi.

Balaa lenyewe lilikuwa paani. Lushoto iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Juni, saa sita mchana, jua liko upande wa kaskazini, nyuzi 28 kutoka utosini. Paneli ya mama ilitazama kusini, kwenye paa lililoinama nyuzi 20. Hapo jua linaipiga kwa ubavu, na nguvu kama theluthi inakwenda na maji. Desemba jua huhamia kusini, ndiyo maana Krismasi mambo yalikuwa safi. Na kwa nini kusini? Jamaa alitaka ifungwe upande wa barabarani, majirani waione!

Haya yote kompyuta inaweza kukuambia kabla hujatoa hata senti. Februari 2000, chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilizunguka dunia siku 11 kikipima kwa rada urefu wa milima na mabonde. Kilipima karibu asilimia 80 ya nchi kavu yote. Mwaka 2014 vipimo vya Afrika vilitolewa bure kwa undani zaidi, ardhi ikiwa imekatwa vimraba vya mita 30 hivi, kila kimoja na mwinuko wake.

Kompyuta inakihoji kila kimraba: umeinama kiasi gani, unatazama wapi, mlima gani umekuziba? Kisha inalitembeza jua saa kwa saa, Januari hadi Desemba, na kujumlisha mwanga wa moja kwa moja na ule unaotawanywa na anga na mawingu. Inatoka ramani ya rangi: hapa pamejaliwa, pale pamenyimwa.

Wapo walionyimwa kuliko sisi. Mji wa Rjukan, Norway, uko kwenye bonde refu na hukosa jua karibu nusu mwaka. Mwaka 2013 walifunga vioo vitatu mlimani, vinavyoongozwa na kompyuta kulifuata jua na kulirusha kwenye uwanja wa mji.

Wewe huhitaji vioo. Benki ya Dunia ilizindua Global Solar Atlas mwaka 2017, bure kabisa. Bonyeza kijiji chenu kwenye ramani, utaona jua linapita wapi na milima inalikinga saa ngapi.

Ila usijisahau. Ramani ya mita 30 haiuoni mparachichi wa jirani, na kivuli cha tawi moja kinaweza kuangusha umeme wa paneli nzima. Kwa hiyo macho nayo yafanye kazi: mwambie mtu wa nyumbani aangalie paa asubuhi, mchana na jioni.

Mshikaji kashaomba radhi kwa fundi. Paneli imehamia upande wa kaskazini, nyuma ya nyumba, ambako hakuna jirani anayeiona. Wanachoona ni taa tu, mpaka mama aamue mwenyewe kuizima.