Taabu na Faraja za Safari ya Tanga baina ya Visiwa

Mkaazi wa Kitale, mji ulioinuka takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, au ndugu yake wa Bungoma, ambaye pengine amepata kuvuka Ziwa Victoria kutoka Mbita hadi Mfangano, aweza kudhani ya kuwa amekwisha kuijua safari ya majini. Walakini bahari ina kanuni mbili zisizotawala ziwani kwa nguvu ile, nazo ni pepo za msimu na kujaa na kupwa kwa maji, na aghalabu taabu na faraja za abiria wa jahazi baina ya visiwa vya pwani yetu hutokana na kanuni hizo. Maadamu likizo ya Desemba huwapa watu wetu fursa ya kushuka pwani, yafaa tuzieleze, ili msafiri ajue lipi la kustahamili na lipi la kukataa.

Pepo kuu ni mbili. Kaskazi huvuma takriban tangu Desemba hadi Machi, kwa kuwa bara la Asia hupoa wakati ule, hewa yake ikawa nzito na kumiminika kusini kwenye joto. Kusi huvuma tangu Aprili hadi Septemba, Asia inapopata joto na kuivuta hewa ya bahari. Kwa pepo hizi majahazi ya Arabuni na Ghuba yalikuja na kurejea kwa karne nyingi, na kwa kaskazi ile ile Alan Villiers, baharia wa Australia, alipanda jahazi la Kuwait huko Aden mwishoni mwa mwaka 1938 akateremka nalo hadi Unguja na Rufiji. Kaskazi ni pole. Kusi, hususan baina ya Mei na Agosti, huinua mawimbi makubwa, na nahodha atakaye kwenda upande utokako upepo hana budi kubisha, akikata bahari mshazari huku na huku, hata mwendo wa saa chache ukawa wa siku nzima, na abiria wakarowa chumvi.

Ndipo kigegezi kinapomshika mgeni. Viungo vya mizani vilivyomo ndani ya sikio huhisi chombo kikipanda na kushuka, ilhali macho yanayotazama mizigo na mbao yaona vitu vimetulia, na ubongo, ukipokea habari mbili zinazopingana, hufadhaika, mwili ukachafukwa. Harufu ya maji yaliyokaa ngamani huzidisha. Dawa ni kuketi katikati ya chombo, pasipotikisika sana, kutazama upeo wa bahari, kula chakula kikavu kidogo kidogo, na kutafuna tangawizi.

Taabu ya pili ni kungoja. Maji hujaa kwa takriban saa sita na kupwa kwa saa sita, na kila siku majira yake huchelewa kiasi cha dakika 50, kwa kuwa yaufuata mwezi. Na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya maji makuu na maji ya kupwa hupita mita 3. Baina ya kisiwa cha Manda na bara pana mlango mwembamba uitwao Mkanda, ambamo vyombo vitokavyo Lamu kwenda Pate hupita maji yakijaa. Aliyechelewa hukaa juu ya tope katikati ya mikoko, au huzunguka Manda kwa nje, kwenye bahari kuu.

Haya yote ni taabu, na taabu yafaa kuvumiliwa. Hatari ni jambo jingine. Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama upande wa Nungwi ikiwa imepakia watu kupita kadiri yake, na mamia wakafa. Msiba ule haukuwa sharti la bahari.

Ama faraja, huja kwa njia zile zile. Upepo unaorowesha ndio unaosukuma chombo pasipo mlio wa injini, hata abiria akasikia maji yakipasuka omoni na mabaharia wakisemezana tezini. Na aliyengoja maji Mkanda, kisha akafika Pate, akaona magofu yake, akaenda Siyu penye ngome ya mawe, huufahamu kwa mwili wake mpango wa miji ile, kwamba bandari zake, soko zake na hata saa za kuondoka zilipimwa kwa maji na pepo. Ilmu hii haipatikani kwa kutazama ramani.

Basi, ewe msomaji, chagua kaskazi, uliza habari za mwezi kabla ya kuuliza nauli, vaa jaketi la kuokolea tangu unapopanda, na ukiona chombo kimejazwa kupita kiasi, au nahodha amesema leo bahari haifai, baki nchi kavu bila haya.